Gunia la Kilemba

Jumatatu, 7 Julai

Ukungu ulikaa barabarani mpaka saa nne, na malori yalikuwa yanatokea ndani yake bila kuonekana hadi taa zigonge dirisha la kibanda changu. Nimetukanwa mara tatu kabla sijanywa chai. Mmoja ameniita kupe. Nikamkatia risiti yake, nikamtakia safari njema. Kazi ya ushuru ukiifanya sharti ujifunze kutukanwa, kama vile watu wanavyojifunza kuendesha baiskeli. Mwanzoni unaanguka, baadaye hata hushiki usukani.

Naandika haya kwa sababu Dalmas amesema nimeanza kuongea peke yangu. Dalmas ndiye anayeinua na kushusha ule mti mrefu uliofungwa jiwe upande mmoja, unaoziba barabara ya kuteremka kutoka Mau Narok kwenda Njoro na Nakuru. Yeye hushika kamba, mimi karani hushika mashine ya risiti.

"Wachuka, afadhali uandike," aliniambia. "Watu watasema barrier imekuharibu kichwa."

Labda imeniharibu. Huu ni mwaka wa tatu niko hapa, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila ukikaribia kwisha nahesabu siku kama mtoto wa shule anayengoja matokeo. Huu wa sasa unaisha Septemba.

Jumatano, 9 Julai

Mvua kutwa. Malori machache. Nimefuma nusu ya mkono wa sweta.

Jumanne, 15 Julai

Uvunaji umeanza, na kwa hivyo wizi nao umeanza. Nitaueleza, kwa maana si wizi wa kufichwa.

Ushuru wa mazao hapa hutozwa kwa gunia. Wazee husema ilikuwa hivyo tangu wazungu wakiwa na mashamba huku juu, na labda wakati huo gunia lilikuwa gunia. Sheria haijawahi kuuliza ni gunia la ukubwa gani. Basi broka anapokuja shambani huja na magunia yake, na kwenye mdomo wa kila gunia hushona wavu, na ndani ya wavu viazi hupangwa kimoja kimoja vikapanda juu, mpaka gunia linasimama na kilemba chake kama mtu anayekwenda kanisani. Huku kwetu huliita mukorino, kwa jina la wale waumini wanaofunga vilemba. Broka hulipa mkulima bei ya gunia moja. Hapa kwangu hulipa ushuru wa gunia moja. Anaondoka na gunia na nusu. Ile nusu ni ya mkulima, na mkulima mmoja ni mama yangu, ambaye shamba lake liko juu ya kizuizi. Hakuna kiazi chake kinachofika mjini bila kupita mbele yangu.

Mashine yangu ina vitufe vya gunia, kreti, mkungu, debe, mbuzi na ng'ombe. Kilo haimo.

Leo amepita Jamleck, broka wetu wa siku zote, na lori limejaa viazi vya mama. Ana kijiti cha meno mdomoni asubuhi na jioni, sijui huwa anakula nini katikati.

"Karani, leo nimebebea mathe yako. Umeona vile zimesimama?"

"Naona. Hiyo ya juu ni gunia ingine, Jamleck."

"Mashine inasema nini?"

"Inasema gunia."

"Sasa sisi ni nani tubishane na mashine?"

Nikabonyeza. Dalmas akainua. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Cha mama yangu hakijaishia nguoni, kimevaa nguo hiyo na kupewa kibanda.

Jumatatu, 21 Julai

Tumepata mgeni. Anaitwa Kiplangat, afisa kutoka ofisi ya mapato mjini. Amekuja na mizani kubwa ya chuma, na viatu vya tope, gambuti mpya ambazo karatasi ya bei haijabanduliwa. Dalmas amemwonyesha ile karatasi kwa heshima, na yeye akacheka mwenyewe, akaibandua akaibandika kwenye mizani. Nimempenda kwa hilo.

Amepima magunia siku nzima. Madereva wamemwita majina ambayo hata mimi sijawahi kuitwa. Yeye anaongea kuhusu ushuru jinsi wanaume wengine wanavyoongea kuhusu mpira.

"Madam, hii kitu inatozwa broker kwa karatasi," aliniambia, "lakini inatoka kwa mkulima. Tena kadiri gunia inakua, ndio kaunti pia inapoteza. Everybody is losing na barabara imefungwa."

"Najua," nikamwambia. "Mkulima ni mama yangu."

Aliliweka chini gunia alilokuwa anapima. Halafu akaniomba radhi, kana kwamba sheria ni yake.

Alhamisi, 24 Julai

Kiplangat ametueleza mswada wao. Vizuizi vyote vya ndani viondolewe. Ushuru upunguzwe, utozwe kwa kilo, na alipe mnunuzi, kwa simu, kule viazi vinakoishia, sokoni au kiwandani. Kuna kampuni inataka kujenga kiwanda cha krisps karibu na Gilgil. Wamesema watanunua viazi kwa kilo, shambani moja kwa moja, lakini hawawezi kuanza huku kila lori lao likisimamishwa njiani na kuhesabiwa magunia. Wanangoja sheria.

Nilisikiliza nikawaona mama na wenzake wakiuza kwa mizani, kila kiazi kikihesabiwa kuwa kiazi. Kweli moyo uliniruka. Kisha Dalmas akauliza swali ambalo mimi nilikuwa naliogopa.

"Na sisi, boss?"

"Staff watakuwa redeployed, wapewe kazi kwingine."

"Hiyo ni ya permanent. Sisi wa contract?"

Kiplangat akatazama gambuti zake. Si mtu wa kusema uongo, na leo ningependa angekuwa.

Jumamosi, 2 Agosti

Siku ya mapumziko. Nimemsaidia mama kuchagua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule. Anakaa kwenye kigoda mguu mmoja umenyooka kwa sababu ya goti, na anaongea bila kuinua macho.

Nimemweleza kuhusu kiwanda. Sikumweleza kuhusu mkataba wangu. Kwetu mambo mazito hayasemwi, huwekwa kando ya meko mpaka yapoe yenyewe. Baba alipougua tulijua sote na hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa mpaka mazishini.

"Kwa kilo," mama akasema.

"Kwa kilo."

"Hata hivi vidogo?"

"Hata hivyo. Kilo haiulizi."

Akakishika kiazi kimoja akakigeuza geuza, akakitupa kwenye rundo la vikubwa. Kilikuwa kidogo. Tukacheka.

Jumanne, 5 Agosti

Mvua. Viazi vya jirani, aina ya Shangi, vimeanza kuchipua ghalani. Hiki kiazi hakina subira, ukikivuna lazima ukiuze, na hilo broka analijua kuliko mchungaji anavyoijua Biblia.

Jumatatu, 11 Agosti

Mvua imekata barabara. Ukingo umemomonyoka hatua chache juu ya kizuizi, na tope limemeza gurudumu la lori la Jamleck hadi katikati. Nyuma yake malori mengine yamepanga foleni mpaka kwenye kona, yote na vilemba vyao, yote yanavuja maji ya viazi. Hakuna njia nyingine ya kushuka. Hapo ndipo unapoona tunavyoishi. Tumewekwa juu ya mlima mzuri wenye udongo mweusi, na mlango ni mmoja, na mimi ndiye nimeketi mlangoni.

Harufu imeanza saa sita. Kiazi kikioza hunuka kama mtu aliyekosewa. Samahani, sijui kusema vizuri zaidi.

Jamleck aliingia kibandani kwangu kujikinga. Sijawahi kumwona akiwa ameketi. Ametoa kijiti mdomoni, akawa anaonekana mzee.

"Hizi zikioza ni mimi nitalipa," akasema. "Mathe yako nimeshamlipa."

"Umemlipa gunia. Umebeba na nusu."

"Wachuka, unafikiria mimi napenda hii mukorino? Kuna siku nilipeleka gunia flat huko soko ya Nakuru. Safi kabisa, bila kofia. Nikakaa nazo mpaka jioni. Mama mmoja ananiambia, 'Boss, hizi zako ni za wagonjwa?' Bei ni ya gunia, so kila mtu anataka ile kubwa. Nikirudi hivyo mara mbili, nimekwisha."

"Kwa hivyo mwizi ni nani?"

Alifikiri kwa dhati. Nilimwona akifikiri.

"Sijui. Mimi nilikuta gunia iko hivyo."

Nimemchukia mtu huyu miaka mitatu na nilikuwa nimezoea raha ya kumchukia. Leo nimempa chai yangu. Trekta imekuja jioni ikawatoa mmoja mmoja, na kila aliyetolewa nimemtoza ushuru, viazi vilivyooza pamoja na vizima. Mashine haina kitufe cha vilivyooza.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya kanisa mama amenipeleka kando ya mto kunionyesha kitu. Kile kipande tulichokiacha tangu baba afariki kimelimwa. Alimlipa kijana mwenye ng'ombe wa kulimia kwa kuku wake wawili wa mayai.

"Ya nini?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Kama hicho kiwanda kitakuja. Wamesema wanataka aina nyingine ya viazi, virefu. Hapa kuna unyevu."

Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mzuri na mmoja mbovu, amejaa furaha mpaka uso ulimbadilika. Kisha bila kunitazama akaniuliza:

"Na mti wenu ukiondolewa, wewe utakaa wapi?"

"Watatupangia kazi nyingine, mama."

"Dalmas ndiye amesema hivyo?"

"Afisa amesema."

Akaitikia "mm," ile yake ndefu. Tukapanda kurudi nyumbani polepole, kwa mwendo wa goti lake. Sikujua kama alikuwa ameniamini.

Jumamosi, 23 Agosti

Kiplangat amekuja bila mizani. Mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mswada itaanza Septemba, na wetu utakuwa katika social hall ya hapa. Kamati ya bunge la kaunti itakaa pale mbele, na kila kitakachosemwa kitaandikwa. Anataka niseme.

"Nikisema kama nani?"

"Kama raia. Haukatazwi. Takwimu ninazo, lakini kamati haitatoa machozi kwa takwimu. Wewe umekaa hapo kwa barrier, na mama yako ako juu yake. Hakuna mtu ingine ameona pande zote mbili."

"Wakikubali, mimi naenda nyumbani."

"Najua."

"Na bado unaniuliza."

"Ndiyo, bado nakuuliza. Pole."

Baadaye Dalmas akasema huyu kijana ananipenda. Nikamwambia mtu akikupenda hakuombi ujikate mguu. Dalmas akasema wengine hivyo ndivyo huanza.

Jumatatu, 25 Agosti

Sijaamua. Nimemtoza dereva mmoja mara mbili kwa kukosa makini, ikabidi niombe msamaha barabarani.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimeamua, na naandika ili nisijigeuze.

Kabla ya kazi hii nilikaa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, miaka minne. Asubuhi tulikuwa tunasimama kwenye mageti ya viwanda, mwenye bahati anaitwa, asiyeitwa anageuka kuosha nguo za watu. Naijua njaa ya Jumatano, ile ya katikati ya wiki, wakati umemaliza kilichobaki na Jumamosi haijafika. Kurudi huko naogopa, sitajidanganya. Usiku huota nikiwa getini.

Lakini kila siku nikibonyeza kile kitufe nasaini mama yangu aibiwe, kisha mwisho wa mwezi namnunulia sukari kwa mshahara uliotoka kwenye viazi vyake, naye ananibariki kwa kunipa mikono miwili. Siwezi tena. Kiwanda kikija atauza kwa kilo, na kile kipande cha kando ya mto kitamlisha hata goti likikataa kabisa. Mimi bado nina miguu yangu. Nitasema. Mama sitamwambia mapema, maana atanikataza, na akinikataza nitatii.

Jumatatu, 1 Septemba

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa kibanda changu. Mkutano ni Alhamisi, saa nne. Mvua.

Alhamisi, 4 Septemba

Nitaandika polepole.

Social hall ilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kamati ilikaa mbele kwenye meza yenye kitambaa cha buluu na chupa za maji. Kiplangat aliketi mwisho wa meza, na aliponiona aliinamisha kichwa kidogo kunitia moyo. Mimi nilijipanga kwenye foleni ya kipaza sauti. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kijani. Maneno nilikuwa nimeyakariri, nikayarudia njia nzima mpaka yakawa mepesi.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyelalamika kuhusu daraja. Wa pili alilalamika kuhusu wa kwanza. Jamleck alisimama akasema biashara ni ngumu, akaketi bila kusema anataka nini. Halafu mwenyekiti akasema, "Tupate na akina mama," na katikati ya safu za mbele nikaona kitambaa cha kichwa ninachokijua kikiinuka.

Sikujua kama amekuja. Asubuhi aliniambia goti linauma, ataketi nyumbani. Alitembea hadi mbele akiyumba, akakishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili kama kikombe cha chai.

"Mimi naitwa Tabby, Mama Wachuka," akasema. "Nalima waru, hivi viazi vyetu, huko juu, miaka yote. Kila gunia yangu inapita kwa hiyo barrier."

Watu wanamjua. Hana kelele, na mtu asiye na kelele akisimama watu husikiza.

"Mmesema mnataka kutoa barrier. Mimi nasema, ikae. Barrier naijua. Naiona na macho yangu, iko pale, ni mti. Najua inakula nini. Hiyo ingine mnaleta, ya kilo, ya simu, ya kiwanda, mimi siioni. Tutaandikwa majina, leo ni kilo, kesho ni shamba, kesho kutwa ni kuku. Kitu kinakula na hukioni, hicho ndicho kibaya."

Watu wakaanza kupiga makofi. Alingoja yaishe. Alikuwa mtulivu ajabu.

"Na hapo kwa barrier kuna watoto wetu wameandikwa kazi. Mkiitoa, hao watoto mnawapeleka wapi? Mimi sijalalamika ushuru. Ni mimi nalipa, na nimesema ikae. Asanteni."

Ukumbi ulilipuka. Wakulima waliosimama madirishani walikuwa wanagonga mabati. Wale wale wenye magunia ya vilemba, wale wale wanaonunuliwa moja na nusu kwa bei ya moja, walikuwa wanamshangilia. Mwenyekiti alikuwa anaandika. Kiplangat hakuwa anaandika. Mama alirudi kwenye kiti chake bila kutazama upande wangu hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba alijua habari ya mkataba wangu. Alimuuliza Dalmas. Bila shaka alimuuliza Dalmas.

"Anayefuata," mwenyekiti akasema. Anayefuata nilikuwa mimi.

Nilikishika kile chuma, kilikuwa bado na joto la mikono yake. Nilitaja jina langu. Watu waliposikia jina walicheka kwa upendo na kupiga makofi tena, binti ya yule mama. Maneno yangu yote yalikuwepo, hakuna lililopotea. Lakini ningeyasema vipi? Ningesimama mbele ya kijiji kizima niseme mama yangu haelewi viazi vyake? Huku kwetu mtoto aliyempinga mamake hadharani hana wa kumzika. Tena alikuwa amesimama kwa goti lile, akawapa watu ile nusu ya gunia yake milele, kwa ajili yangu. Nimpinge kwa ajili yake?

Nilisikia sauti yangu ikisema, "Naunga mkono aliyetangulia."

Makofi. Nikaketi.

Tulirudi nyumbani pamoja, viatu vyake mkononi kwa sababu ya tope. Nilikuwa na hasira naye, hasira kali ambayo sikujua niiweke wapi, na wakati huo huo nilitaka nimbebe mgongoni.

"Nilikuona ukitoka Kaptembwo," mwishowe akasema. "Ulikuwa umebaki shingo. Nikamwambia Mungu, huyu hatarudi huko nikiwa hai."

"Mama, viazi vyako..."

"Viazi viibiwe. Mimi nimezoea kuibiwa. Wewe hukuzoea kukosa."

Nikasema asante. Ni neno gani lingine lingenitoka?

Ijumaa, 5 Septemba

Kazini. Leo hakuna aliyenitukana. Madereva wananiita binti ya shujaa.

Ijumaa, 12 Septemba

Kiplangat amepiga simu. Hakuuliza kwa nini. Nilitaka aulize, nilikuwa na jibu, na kwa heshima yake hakuuliza.

"Ripoti iko tayari," akasema. "Wamekataa hiyo sehemu ya vizuizi. Wameandika wakulima wenyewe ndio wamekataa. Wamemquote mama yako, kwa jina."

"Na kilo?"

"Inabaki gunia."

"Wa kiwanda wamesemaje?"

"Wanaangalia kaunti jirani." Akavuta pumzi. "Ile mizani itabaki hapo kwenu, sina pa kuipeleka."

Mizani iko nje ya kibanda, na karatasi ya bei ya gambuti bado imebandikwa juu yake. Dalmas huitumia kuanikia soksi.

Dalmas nilimuuliza. Alikubali mara moja. "Mathe aliniuliza kama contract inamaanisha nini. Nikamwambia. Ningemdanganya?" Hapana. Mwongo nilikuwa mimi, na kwa kumficha ukweli ndiko nilikomsukuma asimame.

Ijumaa, 19 Septemba

Jamleck amempelekea mama sukari na mkate, shukrani kutoka kwa mabroka wote. Mama amepokea, kwa adabu. Mchana huo huo Jamleck amepita hapa na magunia ambayo wavu wake umeongezwa kiganja kizima. Nikabonyeza gunia. Yeye ndiye alisema, bila kijiti mdomoni na bila kunitazama:

"Soko imeskia ushuru imebaki ya gunia. Wanataka kubwa zaidi."

Kile kipande cha kando ya mto kimeanza kuota magugu. Mama hupitia njia ya juu siku hizi, ile ndefu, na anasema ni kwa sababu ya goti.

Jumanne, 30 Septemba

Mkataba umekuja. Si wa miezi mitatu, ni wa mwaka mzima. Barua inasema ni kwa kuzingatia maoni ya wananchi. Mama amechinja kuku, kuku wa mwisho wa mayai, na akanipa paja na firigisi, vipande vya mgeni. Nimekula vyote huku ananitazama.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua imepungua. Ziwa la Nakuru limeonekana asubuhi kule chini, jembamba.

Saa tano lori la Jamleck limefika na viazi vya mwisho vya mama vya msimu huu. Mama alikuwa ndani, ameketi mbele karibu na dirisha, anakwenda Nakuru kuonyesha goti hospitali. Alikuwa amevaa kile kitambaa cha mkutano. Magunia nyuma yake yalikuwa marefu mpaka yameegemeana.

Nilitoka kibandani na mashine mkononi, nikasimama chini ya dirisha lake kama ninavyosimama chini ya dirisha la yeyote. Nikabonyeza gunia, nikaendelea kubonyeza. Risiti ikatoka ndefu. Nilimpa Jamleck, na mama akainyoosha shingo kuitazama, akatabasamu, maana jina langu huandikwa chini pale.

"Wachuka," akasema, "siku ile ya mkutano, ulikuwa kwa laini na gauni yako ya kijani. Wewe ulikuwa unataka kusema nini?"

Nyuma lori lingine lilipiga honi. Jamleck alikuwa anatazama mbele, barabarani, kwa makini kuliko barabara ilivyohitaji.

"Nilitaka kusema vile ulisema, mama."

"Nilijua," akasema, na uso wake ukabadilika kama siku ile ya kando ya mto. "Nilimwambia Mungu, huyu tumeelewana hata bila kuongea."

Dalmas akainua. Lori likapita polepole likiyumba, na mkono wake ukabaki nje ya dirisha ukinipungia mpaka kwenye kona. Nikamwambia Dalmas ashushe, kuna lingine linakuja.